Mume wa Kuazima

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama aliyejifungua siku 60 za kazi za kupumzika kwa malipo. Baba anapewa siku 4. Silalamiki, kubeba sijabeba. Lakini nilipomsomea mke wangu kifungu hicho, aliuliza hizo nne ni za kufanyia nini, na hadi leo hajapata jibu. Kwetu Tanzania sheria ya mwaka 2004 iliandika siku 3, kwa hiyo kwa kuvuka tu mpaka wa Mutukula nimejipatia faida ya siku nzima. Kenya ni wiki 2. Ndiyo maana siku hizi Mkenya akinipongeza nahisi ananisimanga.

Kasoro ya sheria zote hizo ni kwamba zinamtafuta baba baada ya mtoto kuzaliwa, ilhali kazi yenyewe iko kabla. Katika miezi hii ya kungoja, mwanamume si wa mkewe peke yake. Ni mali ya mtaa: anatumwa, anahojiwa, anahutubiwa na, kama mtakavyoona, anaazimwa.

Tunaishi Kyambogo, hapa Kampala, ule upande unaoteremka kwenda Banda, kwenye vyumba vya kupanga vinavyotazamana, ua mmoja, bomba moja. Juu ya kilima kuna Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichopatikana mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu: cha ufundi, cha ualimu na cha elimu maalumu. Naamini wataalamu wa fani zote tatu wamepanga kwenye ua wetu. Jjajja mwenye nyumba, ambaye haelewi hodi ni ya nini, amempiga marufuku mke wangu kukaa mlangoni, maana mtoto naye atakwama mlangoni siku ya kutoka. Fundi cherehani wa chumba cha pili anasema chai ya moto inamuunguza mtoto utosi. Kijana anayesomea umeme, asiye na mke wala dalili ya kumpata, anasema simu isikaribie tumbo. Na yote hayo naambiwa mimi, si mwenye tumbo. Mwenye tumbo huletewa emumbwa, vile vijiti vya udongo uliokandwa na mitishamba, akaambiwa apumzike.

Kisha kuna wazee wa mbali. Mama yangu alipiga simu kutoka Tanga: mayai asiguse, mtoto atatoka na kipara. Siku hiyohiyo mama mkwe akapiga kutoka Mukono: mayai hapana, na kuku hapana vilevile. Kwa Waganda wa zamani kuku na mayai havikuwa chakula cha mwanamke, mimba iwepo isiwepo. Tangu tulipojadili mahari, hiyo ilikuwa mara ya kwanza Tanga na Mukono kukubaliana jambo. Mke wangu alizisikiliza simu zote mbili kwa adabu, akiitikia "ndiyo mama" huku na "yee maama" kule, na mkononi ameshika rolex: mayai ya kukaanga na kabichi na nyanya, yakaviringishwa ndani ya chapati.

"Hayo si mayai?" nikamuuliza.

"Hayaonekani," akasema. "Yamefunikwa."

Zamani, yaani mwaka jana, tulikuwa na starehe zetu. Jumapili tulikuwa tukipanda kilima kutazama kriketi kwenye uwanja wa chuo. Mke wangu anaupenda mchezo huo na anaweza kueleza kwa nini watu waliovaa nyeupe wanashangilia. Mimi nilikuwa nasubiri bao tangu asubuhi, bao haliji, mara watu wanakunywa chai. Tumbo lilipofika miezi mitano kilima kikamshinda, nami moyoni nikamshukuru mtoto kwa wema wake wa kwanza kwangu.

Mchezo uliobaki ni omweso. Mimi nimekulia kwenye bao la Kiswahili, lenye nyumba, namua na mtaji, mchezo wa wazee waliotulia barazani. Omweso una mashimo 32 na kete 64 kama bao letu, lakini hapo ndipo undugu unapoishia. Kila mtu anazipanga kete zake 32 atakavyo, na kuna ushindi wa kukata vichwa viwili: ukizoa mashimo ya ncha zote mbili za mwenzako kwa zamu moja, mchezo umekwisha, hata kama alikuwa anakuongoza na ameshaanza kuimba. Mke wangu alifundishwa na babu yake. Amenikata vichwa mbele ya wageni.

Mwanzoni tulikaa kwenye mkeka, ubao katikati. Tumbo likakua, ubao ukasogea. Likakua tena, ubao ukasogea tena, mpaka mikono yake ikawa haifiki safu zake mwenyewe. Akapata ufumbuzi: yeye anataja shimo, mimi nazichukua kete zake, nazipanda, nazoa za kwangu kwa mkono wangu mwenyewe, nazikabidhi upande wake. Nikijifanya nimesahau kuzoa, ananikumbusha kwa jina langu lote, pamoja na la babu.

Kuna pia darasa la Kiswahili. Mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari. Mke wangu alipata taabu nacho ukubwani, hivyo akaagiza mtoto aanze mapema, akiwa bado ndani, wakati hana pa kukimbilia. Kila usiku nahutubia tumbo. Ila ijulikane kwamba kwa watu wengi wa Kampala, hasa waliokua miaka ya sabini na themanini, Kiswahili ni lugha ya askari na vizuizi vya barabarani. Usiku mmoja, dirisha likiwa wazi kwa ajili ya joto, nilikuwa namsomesha mtoto salamu, kwa sauti ya kutosha kupenya ngozi na maji: "Habari yako? Unatoka wapi? Jina lako nani?" Nje nikasikia viti vinaanguka. Kibanda cha pombe nyuma ya ukuta wetu, ambacho hufunga kwa kudra za Mungu, kilizima taa na redio kwa pamoja, na mtu akaruka mfereji. Tangu hapo tunalala vizuri.

Kuhusu maini nitasema kwa kifupi kwa sababu bado yananiuma. Mkunga alisema damu imepungua kidogo, ale maini na mboga za majani. Nikanunua nusu kilo, nikafika getini, nikauweka mfuko juu ya ukuta ili nifungue komeo, ambalo linataka mikono miwili na goti. Kaloli alikuwa amesimama pale muda wote. Ndege huyu kimo chake hufika mita 1 na nusu, na kwa upara wake na mabega yaliyoinuka nilimdhania mzee wa jirani anayengoja mtu. Aliuchukua mfuko bila haraka, akanitazama, akaondoka kwa miguu. Hata kuruka hakuona haja.

Sasa kliniki. Kwenye vituo vingi vya afya nchini hapa, mjamzito anayekuja na mumewe huhudumiwa kwanza. Nia ni nzuri: wanaume wafike, wapimwe Virusi vya Ukimwi pamoja na wake zao, wazisikie dalili za hatari kwa masikio yao. Lakini wanaume wengi wako kazini, na foleni ni ndefu, hivyo pamezaliwa biashara. Mama anampa mwendesha boda chochote, boda anavua kofia ya chuma, anakuwa mume kwa nusu saa. Tena mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mahudhurio 8 badala ya 4 ya awali. Sijui kama kule Geneva kuna aliyewafikiria madereva wa boda.

Siku hiyo tulikwisha kuhudumiwa, tunatoka, mama mmoja kwenye benchi akamshika mke wangu kitenge. Miguu ilikuwa imemvimba, na mumewe ni dereva wa lori, yuko njia ya Juba. Boda wote wa pale nje walikuwa wameshachukuliwa. Hakuniomba mimi. Alimwomba mwenye mali.

"Nnyabo, nisaidie bwana wako kidogo."

Mke wangu alinitazama toka kofia hadi kandambili, kama mtu anayekagua beseni kabla ya kuliazimisha.

"Mchukue," akasema. "Ila asichelewe, ana nguo za kufua."

Tukaingia. Muuguzi akafungua daftari, akainua macho, akayashusha, akayainua tena.

"Ssebo, wewe si umetoka hapa sasa hivi?"

"Ndiyo, Musawo."

"Na huyu?"

Sikujibu. Akaitazama kofia yangu ya kiua, niliyofumiwa na shangazi yangu Pangani, uso wake ukafunguka.

"Aaa. Muislamu." Akaandika.

Wauguzi wamechoka kudanganywa na boda, kwa hiyo huwa na maswali. Jina la pili la mama? Nikalisoma kwenye kadi yake, ingawa ilikuwa juu chini. Taja dalili za hatari! Hapo niliwaka. Nilikuwa nimezisikia muda mfupi uliopita kwenye chumba hichohicho, kutoka kwa mtu huyohuyo: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, chupa kuvunjika kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza. Nikaongeza degedege bila kuulizwa. Muuguzi aliweka kalamu chini, akanishika mkono, akanitoa mpaka mbele ya mabenchi.

"Mwoneni mwanamume!" akasema. "Anao wawili, na wote kawaleta mwenyewe, siku moja! Waume zenu wako wapi?"

Wakapiga makofi. Mke wangu alikuwa amekaa benchi la nyuma, naye alipiga, tena kwa nguvu kuliko wote.

Toka kliniki mpaka Banda si mbali, lakini habari ilitangulia. Stendi ya boda, ambako mwanzoni niliitwa Mutanzania, sasa naitwa Hajji na napunguziwa nauli kwa kuhurumiwa. Jjajja mwenye nyumba aliingia, bila hodi, akauliza wa pili analala wapi, kwa sababu maji ya ua wetu hulipwa kwa kichwa. Nilimwomba mke wangu aeleze ukweli.

"Mwenzangu yuko kwao," alimwambia Jjajja, akijipapasa tumbo. "Anapumzika. Akija tutakuambia."

Mukono ikamtuma Ssenga. Shangazi mtu huyu alikuja na kikapu cha matooke na macho ya mkaguzi wa kodi, akakaa wiki, na usiku wa kwanza nilimsikia akivuta pazia la kabati taratibu. Alipokosa mke wa pili alihamia kwenye begi la hospitali. Begi lile nilikuwa nimelipanga vizuri: glovu, pamba, sabuni, nyembe, uzi wa kufungia kitovu, beseni, karatasi ya nailoni ya kutandika kitandani. Kufikia Ijumaa nailoni ilikuwa imefunika mkaa kwa ajili ya mvua, beseni limeloweka maharage, na shemeji yangu, aliyekuja kumsalimia Ssenga, amenyoa ndevu kwa wembe wa mwanangu. Uzi ndio ulionusurika, nao ulifunga kikapu cha matooke siku ya kurudi. Nilinunua vyote upya. Muuza duka aliuliza kama hivi ni vya mke mkubwa au mdogo.

Jana jioni tulikuwa kwenye mkeka. Nilikuwa naongoza, jambo lisilotokea mara nyingi, hasa ukizingatia kwamba kete za pande zote mbili nazipanda mimi. Ncha ya kushoto ya mke wangu ilikuwa tupu, ya kulia inakaribia. Simu yake ikalia. Akaitazama, akatabasamu, akaweka sauti ya nje. Alikuwa yule mama wa kliniki. Juba kuna mvua, lori limekwama, na muuguzi amemwambia wazi kwamba asirudi bila yule mwanamume wake anayejua dalili za hatari. Je, Alhamisi?

Mke wangu alinyoosha kidole kwenye shimo moja la safu yake ya mbele. Nikazichukua kete, nikaanza kupanda, moja moja, na katikati ya safari nikaona zinakokwenda.

"Alhamisi haiwezekani, ana kliniki yangu," akaiambia simu. "Jumatatu yupo. Ila safari hii umlishe, Nnyabo, juzi alirudi na njaa."