Wasini Bila Petroli

Shemeji yangu akishika jambo hulishika kama pweza na jiwe. Safari hii lilikuwa mazingira: twende kisiwa cha Wasini kutazama bustani ya matumbawe, petroli isiguswe pasipo lazima. Gari akalifunika turubai Mombasa, tukavuka Likoni kwa miguu (feri haihesabiki, alisema, ni ya umma), tukajibana kwenye matatu ya Lunga Lunga. Mapajani nilipakata kibuyu cha maji kilichozibwa kwa gunzi. Chupa za plastiki alizifukuza nyumbani kwake kabla serikali haijazipiga marufuku kwenye fukwe na mbuga zinazohifadhiwa, Juni 2020, na hilo hachoki kulikumbusha. Kila tulipopiga tuta gunzi liliruka. Mama aliyeketi kando yangu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mgonjwa ni nani?"

Tuliposhuka Kanana alitaka Shimoni twende kwa miguu. Nikaita bodaboda. Naye akapanda, akisema ananisindikiza tu. Shimoni tukaingia mashuani, na shemeji akaanza na nahodha.

"Shikamoo nahodha. Mashine zima, twende kwa tanga."

"Marahaba. Upepo hakuna, mwanangu."

"Utakuja."

"Mkondo ndio umeshakuja."

Mlango wa bahari baina ya Shimoni na Wasini ni mwembamba, na maji yanapokupwa huwa na haraka zake. Kijiji tulikiona vizuri sana, kisha kikatupita. Watoto ufukweni walitupungia mkono, wakaacha, wakaanza kucheka. Mwishowe mashua iliyojaa madumu ilitutupia kamba, ikatuvuta, mashine yake ikitema moshi usoni petu.

"Sisi hatujachoma kitu," shemeji akasema. "Anayechoma ni yule."

Bustani yenyewe inastahili taabu yote hiyo. Ni matumbawe ya kale yaliyokuwa chini ya bahari, sasa yamesimama nje, ya kijivu, yenye maumbo ya ajabu, mengine yakimpita mtu urefu, na mikoko imeota kando yake. Bamvua likiingia, maji huyarudia. Juu yake limepita daraja la mbao linaloendeshwa na kikundi cha akina mama wa kijiji. Shemeji alilikataa daraja. Akavua viatu apite chini, asiache alama juu ya matumbawe. Matumbawe hayakuwa na nia kama hiyo juu yake. Nayo siku ile ilikuwa ya bamvua, maji yamegeuka, yanapanda. Akina mama wawili walimpandisha kwa leso.

Hata hakupumzika. Damu ikimchuruzika nyayoni, akamhutubia mmoja wao juu ya kubania maji: mama wa kisiwa kisicho na gari hata moja, kilichoishi miaka mingi kwa maji ya mvua yaliyokusanywa kwenye mabirika. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kibuyu amekinunua bei gani.

Ukienda, uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi. Vaa viatu. Na kiingilio cha daraja kilipe bila kuvutana bei, maana mbao juu ya maji ya chumvi huoza.