Nani Kashika Jembe? Vitabu Vinane vya Zamani vya Bustani kwa Watoto

Fungua kitabu chochote cha zamani cha watoto kuhusu bustani, kile chenye karatasi iliyogeuka manjano na picha za rangi ya maji. Maua yamejipanga, vipepeo wametanda, watoto wana mashavu ya kunenepa. Kinachokosekana ni jasho. Magugu yameondoka yenyewe, kwa adabu zao. Yeyote aliyewahi kupewa adhabu ya kupalilia shamba la shule anajua kwamba hapo kuna jambo linafichwa.

Kwa hiyo orodha hii ina kipimo kimoja: nani kashika jembe? Picha tumezitazama, sifa za wachoraji tumezisikia, lakini mwenyekiti wa jopo ni bwana shamba, na bwana shamba hababaishwi na rangi. Tunaanza mkiani.

8. Flora's Feast, Walter Crane (1889)

Flora, mungu wa maua wa Warumi wa kale, anawaamsha wageni wake kwa zamu, kufuata majira ya mwaka, na kila ua linafika likiwa limevaa umbo la mtu: joho la petali, kilemba cha ua, mkao wa kifalme. Crane alichora pia nakshi za vitambaa na za karatasi za kubandika ukutani, na inaonekana. Hakuna ukurasa ambao fundi mzuri asingeushonea dera.

Kichekesho kiko kwa mchoraji mwenyewe. Crane alikuwa mjamaa wa dhati, mwenye kuchora picha za kutetea wafanyakazi, na mwaka 1895 aliwachorea shada maarufu la Mei Mosi. Sasa hesabu wafanyakazi walioajiriwa katika bustani hii yenye wageni wote hao. Maliza kuhesabu, nakusubiri.

Nani kashika jembe? Hakuna. Chama cha wafanyakazi kimearifiwa.

7. Flower Fairies of the Spring, Cicely Mary Barker (1923)

Vijini vyenye mabawa, kila kimoja na ua lake. Barker aliugua kifafa utotoni, akasomea nyumbani, akakua na kalamu mkononi. Vijini vyake ni watoto halisi, wengi wao kutoka shule ya chekechea ya dada yake huko Croydon, waliovishwa nguo alizozishona mwenyewe na mabawa ya vijiti na kitambaa chepesi. Kampuni ya Blackie ilimlipa pauni 25 kwa picha 24 na mashairi yake. Hiyo ni pauni moja na ushee kwa kijini, shairi likiwa nyongeza.

Miaka hiyo Uingereza ilikuwa imewehuka na vijini. Mwaka 1920 Arthur Conan Doyle, baba wa Sherlock Holmes, alizitangaza picha zilizopigwa na wasichana wawili wa Cottingley kuwa ushahidi wa kweli. Vilikuwa vipande vya karatasi, na wenyewe walikiri wakiwa vikongwe, mwaka 1983. Barker hakuwa na haja ya kudanganya mtu. Kijini alikibuni, lakini jani alilichora kutoka kwenye mmea wenyewe, na akilikosa ua aliomba msaada kwa wataalamu wa bustani ya Kew. Unaweza kukitumia kitabu hiki kutambua mimea porini, mradi usimsubiri mwenye mabawa akuthibitishie.

Nani kashika jembe? Hakuna. Majani yamepata mia kwa mia, mikono imepata sifuri.

6. Etwas von den Wurzelkindern, Sibylle von Olfers (1906)

Hapa Mjerumani anatushusha chini ya udongo. Watoto wa mizizi wamelala, Mama Ardhi anakuja na mshumaa kuwaamsha, na kazi inaanza. Wasichana wanashona nguo za masika, kila mmoja rangi ya ua lake. Wavulana wanawaogesha wadudu na kuwapaka rangi upya. Kisha wote wanapanda juu kwa maandamano, wanacheza kiangazi kizima, na majani yakianza kupukutika wanarudi kwa mama. Kwetu Mama Ardhi asingehitaji mshumaa. Mvua ya kwanza ingewaamsha, na nusu yao wangetoka nguo hazijapigwa pasi.

Von Olfers alikuwa mtawa, akafariki mwaka 1916 akiwa na miaka 34 tu. Kwa mtawa, alijua sana hekaheka za watoto asubuhi ya kwenda shule.

Nani kashika jembe? Kazi ipo, tena ya kutosha, ila bwana shamba ametaja kasoro moja kubwa: wavulana wanawapamba wadudu. Mkulima gani anamremba bungo kabla ya kumwachia mbogani?

5. The Plant Sitter, Gene Zion na Margaret Bloy Graham (1959)

Mtoto wa mjini, Tommy, anaambiwa mwaka huu hakuna likizo kwa sababu baba ana kazi. Anafanya ambacho mtoto yeyote mwenye akili ya biashara angefanya: anajitangaza kuwa mlezi wa mimea ya majirani wanaosafiri, kwa malipo. Mimea inaletwa, inanyweshwa, inanawiri, inaziba madirisha. Baba anakula chakula msituni bila kutoka nyumbani, na mtu ungedhani likizo imemfuata kwake, lakini haonyeshi shukrani.

Ndipo Tommy anaota ndoto kwamba mimea imeipasua nyumba. Anaamka, anakwenda maktaba kusoma, anarudi na mkasi. Anapogoa kila kitu, na vipandikizi anavitia kwenye vijikopo na kuwagawia watoto wa mtaani. Zion aliandika, mkewe Graham akachora. Ni wale wale waliotuletea mbwa mchafu Harry mwaka 1956. Inaelekea katika nyumba ile kila kitu kilikuwa kikipita mipaka yake.

Nani kashika jembe? Jembe hakuna, mkasi upo, na maarifa ya kupogoa yametoka kitabuni. Bwana shamba ametikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza kama malipo yalikatwa kodi.

4. Children and Gardens, Gertrude Jekyll (1908)

Hatimaye mtu mwenye tope kwenye viatu. Jekyll alishapita miaka 60 alipokiandika, hakuwa na mtoto, na alisanifu bustani takriban 400 maishani mwake. Alianza kama mchoraji, macho yakafifia, akahamishia rangi zake kwenye udongo. Viatu vyake vya bustani vilichakaa kiasi kwamba mwaka 1920 William Nicholson aliona vinastahili kuchorwa vyenyewe. Wengine huchorewa sura.

Kitabu chake hakimbembelezi mtoto. Kinamfundisha kusoma ramani ya bustani, kutazama ua kwa makini, kufanya kazi kwa mpangilio. Picha nyingi alizipiga mwenyewe. Halafu, katikati ya ukali wote huo, sura nzima kuhusu paka wake wakiwa bustanini. Kila mwalimu mkali ana paka mahali fulani.

Nani kashika jembe? Mtoto mwenyewe, na anasimamiwa. Kimekosa tatu bora kwa sababu moja: kinamhitaji mzazi mwenye uwanja mkubwa, na wasomaji wengi tuna veranda na ndoo mbili.

3. The Tale of Peter Rabbit, Beatrix Potter (1902)

Kesi ngumu kuliko zote. Peter anaingia bustani ya Mr. McGregor, anafakamia saladi, maharage machanga na figili, tumbo linamsokota, na anakwenda kutafuta majani ya kulituliza. Huko anakutana na mwenye mali, aliyepiga magoti akipandikiza kabichi. Huyo ndiye adui wa hadithi! Mtu pekee anayefanya kazi katika kitabu kizima, naye amechukiwa na watoto wa dunia kwa zaidi ya miaka mia moja. Ni kweli kwamba baba yake Peter aliishia kuwa nyama ya mkate wa Mrs. McGregor, lakini tusitazame upande mmoja tu.

Na tuseme ukweli, Peter analitia aibu jina la sungura. Sungura wa hadithi zetu asingekimbia akaacha koti na viatu. Angemuuzia McGregor figili zake mwenyewe, kisha angemkopa toroli ya kuzibebea.

Potter alijua mimea kwa kina. Alichora uyoga kwa miaka, na mwaka 1897 utafiti wake wa kuota kwa mbegu za uyoga ulisomwa katika jumuiya ya wanasayansi ya Linnean, London, na mwanamume, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria. Hadithi ya Peter ilianza kama barua yenye picha kwa mtoto mgonjwa mwaka 1893. Wachapishaji waliikataa, akachapisha mwenyewe nakala 250 mwishoni mwa 1901, na mwaka uliofuata kampuni ya Warne, iliyobadili mawazo, ikaitoa. Alipopata pesa alinunua nini? Shamba. Akawa mfugaji wa kondoo mwenye kushinda tuzo. Alihamia upande wa McGregor, kimya kimya.

Nani kashika jembe? Mzee aliyeibiwa. Bwana shamba amemwandikia barua ya pole.

2. The Carrot Seed, Ruth Krauss na Crockett Johnson (1945)

Maneno 101. Orodha hii imekwisha kuyazidi mara nyingi, na haijaotesha kitu.

Mvulana anapanda mbegu ya karoti. Mama anahofu haitaota. Baba anahofu haitaota. Kaka mkubwa hahofu, anajua kabisa kwamba haitaota, maana hiyo ndiyo kazi ya kaka mkubwa. Mvulana habishani. Kila siku anang'oa magugu, anamwagilia. Johnson, mume wa Krauss, alichora kwa mistari michache na rangi chache, kurasa nyingi zikiwa na mtoto, udongo, na kutotokea kwa lolote. Ni picha sahihi kuliko zote za kilimo zilizowahi kuchapishwa.

Mwishoni karoti inatoka, na inajaza toroli.

Nani kashika jembe? Mvulana, kila siku, bila makofi. Bwana shamba amesimama. Ameongeza tu kwamba kupanda mbegu moja ni kucheza kamari.

1. Le Petit Prince, Antoine de Saint-Exupéry (1943)

Najua, utasema hiki si kitabu cha bustani. Kifungue tena. Mwana mdogo wa mfalme ana sayari ndogo, ua moja la waridi lenye makuu, na udongo uliojaa mbegu za mibuyu. Kila asubuhi, akishanawa, anaisafisha sayari: anang'oa miche ya mibuyu mapema, kabla mizizi haijaipasua. Tatizo ni kwamba ikiwa michanga, mibuyu inafanana na miwaridi. Jirani mmoja mvivu aliidharau mitatu, na picha ya sayari yake ndiyo kubwa na ya kutisha kuliko zote kitabuni.

Saint-Exupéry aliwahi kuwa rubani wa ndege za barua za njia ya Toulouse hadi Dakar, kwa hiyo mbuyu hakuusoma kwenye ensaiklopidia. Kitabu kilitoka New York, akiwa mbali na Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani, na wengi wameuona ufashisti katika miti ile. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa. Mbuyu ulianza kama mchicha. Mwenzetu kaja tu na picha zake. Kitabu kipo kwa Kiswahili pia, kwa jina la *Mwana Mdogo wa Mfalme*.

Tuna pingamizi moja, la kibiashara. Sayari yenye mibuyu mitatu mikubwa ni msiba Ufaransa; Zanzibar na Mombasa ni mtaji. Weka sukari, rangi nyekundu na iliki, na jirani mvivu anastaafu mapema.

Nani kashika jembe? Mwana wa mfalme, na hana hata kibarua. Dawa nyingine aliyoifikiria ni kondoo wa kuila miche, lakini kondoo akila mchicha atakula na waridi, na msimulizi aliyemchora kondoo huyo akasahau kuchora mkanda wa kifunga mdomo. Bwana shamba ametoa mia, akashauri uzio.

Aliyebaki getini

*The Secret Garden* (1911): Mary anapalilia vizuri, tena kwa kijiti, lakini ni riwaya nene yenye picha za kuhesabu. Fomu yake imepelekwa idara nyingine.

Ukiwa na mtoto nyumbani, anza na namba 2, kisha mpe punje za maharage na kopo. Akikuuliza kwa nini vitabuni watu hawalimi, mwambie wanalima sana. Siku ile tu walikuwa wanachorwa, na mtu aliyeinama hachoreki vizuri.