Shingo si kidole

Zamani, kabla barabara ya Lodwar kwenda Kakuma haijawekwa lami mpya, hakuna aliyehitaji kuvunjwa shingo na kinyozi. Mashimo ya kilomita 120 hivi yalifanya kazi hiyo, na kiuno yakakitengeneza bure. Sasa gari linateleza, shingo inafika Kakuma haijalia hata mara moja, na vinyozi wameona nafasi ya biashara.

Wangu ni Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Ananyoa vizuri, sina neno. Shida huja akishamaliza. Anakupaka spiriti, anakukanda mabega mpaka usahau madeni, kisha anakamata kidevu kwa mkono huu na kisogo kwa ule, kama anayefungua mtungi uliogoma.

"Legeza, mzee."

Nani humlegezea shingo mtu aliyeshika wembe sasa hivi? Ka! Benchi zima likaitikia, "Eeh!"

Kwa siku kadhaa nikawa sigeuzi kichwa. Nageuka mwili mzima. Lodwar salamu ni deni, na mtu akiniita kutoka nyuma nilichelewa kuzunguka. Ikavuma kwamba nimepata kazi kubwa kwenye shirika. Wawili walikuja kukopa.

Mpwa wangu, anayealisha vidole tangu nasari, akamtetea kinyozi. Akanitajia Donald Unger, daktari Mmarekani aliyeonywa na mama na mashangazi kwamba vidole vitaharibika. Akaalisha vya mkono wa kushoto kila siku kwa miaka 50, wa kulia akauacha. Mwaka 1998 akaandika kwamba hakuna mkono uliopata baridi yabisi, na 2009 akatuzwa Ig Nobel. Huo ndio ukaidi!

Nakubali. Mlio wenyewe si mfupa kuvunjika: kiungo kikivutwa, kanieneo ya ute uliomo ndani hushuka na pengo la gesi likatokea. Watafiti wa Kanada walilionyesha kwa picha za MRI mwaka 2015. Hata shingo ikilia yenyewe unapojinyoosha polepole, bila maumivu, si neno. Lakini kidole hakipitishi damu ya ubongo. Shingo ina pingili 7, na kwenye matundu ya ubavuni mwa zile 6 za juu hupita mishipa miwili inayopanda kichwani. Ikisokotwa ghafla, ukuta wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, ikaleta kiharusi. Ni nadra, ndiyo. Kinyozi naye hana MRI.

Mzee mmoja Mturkana, ameshika ekicholong yake, alinitazama nikizunguka kumsalimu. Wazee wa kwao walilaza shingo juu ya kigoda hicho cha mbao usiku kucha, wasiharibu nywele zilizopambwa kwa udongo.

"Yako umeikodisha kwa nani?" akauliza.

Niliporudi kunyolewa nikatangaza mapema: kichwa tu. Kinyozi akasema bei haipungui, kuvunja kumo ndani. Pesa yangu haiendi hivihivi. Nikamnyooshea vidole kumi. Akaanza na mkono wa kushoto.