Cheo Kina Bei, Barabara Bure

Marekani ilimpeleka John Adams London kuwa mwakilishi wake mwaka 1785. Balozi wa kwanza aliyekulia katika kazi yenyewe ya diplomasia, Raymond Seitz, alifika 1991. Haraka ya nini? Kiti kile kina wenyewe: wachangiaji wa kampeni. Mwaka 2005 alikuja Robert Tuttle, muuza magari wa Beverly Hills. 2017 akaja Woody Johnson, mwenye timu ya New York Jets. Ni katika enzi ya muuza magari (nani mwingine?) ubalozi ulipogoma kulipa ada ya magari yake yanayoingia katikati ya jiji la London, eti ada hiyo ni kodi, na wanadiplomasia hawatozwi kodi. Kufikia 2024 jiji lilikuwa likidai zaidi ya pauni milioni 14. Jamani waheshimiwa, lipeni!