Ya Jero Ndiyo Ghali

Anayedhani kitu cha jero, yaani shilingi mia tano, ni rahisi, aje akae nasi kwenye benchi la kahawa hapa Maili Moja, tunapotazama magari yakimiminika Barabara ya Morogoro. Asubuhi ya juzi mada ilikuwa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Fundi viatu alifika amenuna: kanunua umeme wa buku tano Jumapili, Jumanne usiku kwake giza. Mzee wa drafti akasonya bila kuinua macho kwenye kete. "Nyumba vyumba sita, mita moja. Ulitarajia nini, mwanangu?"

Kila nyumba ya kupanga huku Kibaha ina mtuhumiwa wake. Ama ni dada mwenye friji, ama kijana anayelala redio ikiimba, ama yule anayepiga pasi usiku wa manane akidhani haonekani. Vikao vinaitishwa, watu wananuniana, wengine wanahama kabisa. Mimi nasema friji inasingiziwa. Mwizi yumo kwenye jedwali la bei.

TANESCO ina bei ya watumiaji wadogo. Asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na kodi zikishaingia inakuwa 122. Ukizoea kuvuka hapo unahamishiwa kundi la kawaida, shilingi 292, na kodi zake kama 356. Nafuu ile iliwekwa kwa ajili ya mnyonge, na ni jambo jema. Ila mita haijui nyuma yake wamejibanza wanyonge wangapi. Chukua wapangaji watano, kila mmoja ana taa, feni, simu ya kuchaji na televisheni ya kutazamia taarifa ya habari. Tuseme uniti 30 kila mtu, jumla 150. Mita inaona mtu mmoja mwenye matumizi makubwa! Kila mpangaji anatoa zaidi ya 10,000 kwa umeme ambao, angekuwa na mita yake, asingefikisha hata 4,000. Jirani yao anayeishi peke yake ndani ya geti, akiwa mwangalifu na swichi zake, anakula nafuu ya wanyonge kihalali kabisa.

Halafu kuna kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa humo humo kwenye LUKU. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Kodi ya jengo, bwana! Fundi viatu ana stuli, sindano na chumba cha kupanga. Jengo analitoa wapi? Tuliambiwa mpangaji akaelewane na mwenye nyumba wake. Mama wa vitumbua alicheka mpaka akaweka sinia chini. "Nimdai baba mwenye nyumba mimi? Nikishamdai nikalale wapi?"

Ukishaliona hili kwenye umeme, utaliona kila mahali. Mkaa unashuka hapa kwa magunia, lakini wengi wetu tunaujua kwa kopo. Hesabu makopo yanayotoka kwenye gunia moja, zidisha kwa bei ya kopo, uone nani anakula mkaa wa bei mbaya. Mafuta ya kula ni hivyo hivyo: mwenye dumu la lita 20 hamjui mwenye kipimo cha kumiminiwa kwenye mfuko wa nailoni, na wa mfuko ndiye anayelipa zaidi kwa kila tone. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Nami natamani, macho ya mama zetu yameumia vya kutosha. Lakini mkaa upo wa jero. Nenda kwa mangi hapo nyuma umwombe gesi ya jero, halafu urudi utuambie alikujibuje.

Dogo wa bodaboda naye akachomekea la kwake. Pikipiki amepewa kwa mkataba: hesabu ni 10,000 kila siku, siku sita kwa wiki, na mkataba wenyewe unapita mwaka. Mwaka mmoja tu ni zaidi ya milioni tatu. Pikipiki hizi zinatoka ng'ambo, zinavuka bahari nzima mpaka hapa, lakini sehemu ghali ya safari yao ni ile kutoka kwa tajiri wa mkataba hadi kwa dogo. Mwenye fedha taslimu anaingia dukani anatoka na pikipiki na chenji. Dogo akiugua malaria siku tatu, hesabu haiugui naye.

Na akikwama? Anaenda kwa kausha damu. Anachukua laki moja, anarejesha laki na thelathini ndani ya mwezi, kwa marejesho ya kila siku, na dhamana ni televisheni ya mkewe. Sheria ya huduma ndogo za fedha ipo tangu 2018, na Benki Kuu ina ukomo wake, asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukomo huo kausha damu wa mtaani kwetu hajakutana nao. Halmashauri nazo zina mikopo isiyo na riba, ile ya asilimia kumi ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Nzuri sana, ila inataka kikundi, usajili, akaunti na andiko la mradi. Mtoto anayelia homa saa tano usiku hangoji andiko la mradi.

Hapo mwalimu mstaafu akashindwa kuvumilia. "Tatizo lenu hamjui kupanga. Jichangeni, mnunue gunia, mgawane!" Tulimheshimu, tukanyamaza kidogo. Mama wa vitumbua ndiye aliyemjibu, kwa adabu: "Shikamoo, mwalimu. Kwa siku napata ya unga, mafuta na nauli ya mtoto. Hela ya gunia huwa naiona, lakini kwa watu." Hajashindwa hesabu huyu mama, anaijua kuliko mwalimu. Anajua kabisa kwamba kopo linamnyonya, na kesho asubuhi atalinunua tena, kwa sababu lazima vitumbua viive.

Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya Watanzania wakawa chini yake. Julai 2020 Benki ya Dunia ikatupandisha daraja, tukaitwa nchi ya uchumi wa kati. Mzee wa drafti, ambaye husoma magazeti mpaka matangazo ya vifo, ana swali ambalo hajajibiwa: hiyo 49,320 ni ya anayenunua gunia au ya anayenunua kopo?

Kipo kitu kimoja tu ambacho mtu wa hali ya chini hulipishwa kwa jumla: kodi ya chumba. Miezi mitatu mbele, wengine sita. Na hiyo jumla yake haina punguzo hata la shilingi.

Kwa hiyo wanaopanga bei za umeme, tunawaomba jambo moja: ile nafuu ya uniti 75 ihesabiwe kwa kaya, si kwa mita. Nawe mwenye nyumba wa Maili Moja, kuunganishiwa umeme hapa mjini ni shilingi 320,960, na kodi ya miezi sita umeshaiweka mfukoni. Wawekee watu mita.