Ukitaka Kufuga Masharubu Likoni

Kwanza ujue yanaanzia wapi. Masharubu hayaoti katikati. Huanza kwenye pembe mbili za mdomo wa juu, yakasogea taratibu mpaka yakutane chini ya pua. Mashavu hufuata, kidevu huja nyuma. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 pale Mtongwe mwenye vinyweleo vitatu pembeni hana ila. Ndiyo kwanza safari inaanza, na mwendo wake ni kama sentimita moja kwa mwezi.

Wembe mkavu uache. Vijana wa Kisauni huambiana kwamba ukinyoa kila siku nywele zitarudi nene. Uongo. Wembe hukata ncha nyembamba ikabaki butu, na butu huonekana nene. Shina lililo ndani ya ngozi halina habari kama umenyoa. Utakachovuna ni vipele, maana nywele zetu hujikunja, na zikikatwa fupi mno hupinda zikaingia tena ndani ya ngozi.

Wanja wa dada yako nao usiuguse. Nilimwona kijana mmoja kwenye feri, saa saba mchana, amejichora masharubu meusi tii, kifua mbele. Jua la Likoni halina huruma. Kabla hatujafika upande wa kisiwani, jasho lilikuwa limeyateremsha mpaka kwenye kola ya shati jeupe. Watu wakaanza kuguna. Mama mmoja aliyekuwa karibu naye akamnyooshea ncha ya leso yake: "Shika mwanangu, jipanguse. Yatakuja." Kijana akapangusa, akainamisha kichwa, kisha akacheka naye.

Sisi wanaume tuliokuwa kando hatukumwambia neno, na hilo bado linaniuma. Kisauni tumeona watoto wasio na hata kinyweleo wakishika mapanga ili waogopwe. Nani aliwahi kukaa nao barazani akawaambia kwamba uanaume hauna haraka?

Yakishaota, yatunze. Kwa Mwislamu, sunna ni kupunguza masharubu na kuziacha ndevu, na hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim imeweka mpaka wa kuyapunguza: siku 40, usipitishe. Ndiyo maana mzee wa Kisauni atakutazama kidevu kabla ya mdomo. Waingereza walikuwa na lao: jeshi lao liliwakataza askari kunyoa mdomo wa juu hadi 1916. Amri ikafutwa Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, wakanyoa waliotaka, na vita vikaendelea miaka miwili mingine bila kuuliza nani ana masharubu. Mvi zikitokeza, piko, ile rangi nyeusi ya nywele, liweke mbali. Ngozi ya hapo ni laini na wapo waliovimba mdomo mzima.

Kuna asiyeota kabisa. Ukitazama baba na wajomba, huenda ukakuta nao hawana. Huyo ni mwanamume kamili, hana dawa ya kununua.

Lililobaki ni la kinyozi. Uwe Magongo, Mtongwe au Mlaleo, nenda na wembe wako mpya, ufunguliwe ukiona. Wembe wa kushirikiana unaweza kupitisha homa ya ini na virusi vya ukimwi. Mzazi, mpe mwanao hela ya wembe huo, na siku ile ya kwanza nenda naye, ukae kwenye benchi mpaka amalize.