Mjomba Cheni Anajibu: Baiskeli Mbili, Pampu Moja

Wiki hii barua zimenijia kwa mkupuo, na karibu zote zimetoka kwa watu waliojaaliwa baiskeli ya pili. Zamani mtu akipata moja alitulia. Siku hizi anayo ya kwendea kazini, anayo ya mtumba yenye gia kwa ajili ya Jumapili, kisha usiku anakaa kunililia mimi. Ombi moja kabla hatujaanza: acheni kuniandikia habari za wake wenza. Mnaofananisha baiskeli na mitala mmefika wanne mwezi huu, na barua ya mmoja wenu ilifunguliwa na mkazamjomba wenu kabla sijafika nyumbani. Siku mbili nilikunywa maji ya mtungi wakati wenzangu wanakunywa chai.

*Mjomba, shikamoo. Nina Phoenix ya kazi na baiskeli ya gia ya mtumba, pampu moja. Pampu ikiwa kwenye Phoenix, pancha inanipata nikiwa na ya gia. Nikiihamisha, Phoenix ndiyo inalala. Juzi angalau nilikuwa nayo palipotakiwa, ikagoma kushika. Nimerogwa?*
*Nimechoka Kukokota, Morogoro*

Marahaba. Hujarogwa, hukutazama valvu tu. Phoenix yako ina valvu ya kizamani: nati kwa juu, na ndani kijiti chenye kitundu ubavuni, kimevalishwa kimpira chembamba. Ukipampu, upepo unakisukuma kimpira na kupita. Ukiacha, kinajibana na kuufungia ndani. Kikichakaa, tairi linalala bila hata msumari, na watu wengi wamebandua tyubu nzima kutafuta tundu ambalo halipo. Hiyo ya gia, kwa unavyoeleza, ina valvu nene kama ya pikipiki, yenye kipini katikati ambacho kichwa cha pampu kwa kawaida hukibonyeza. Pampu ya Phoenix haina cha kubonyezea, na hata kuingia haiingii. Ungepampu mpaka jogoo awike. Wenye baiskeli za mashindano wana valvu ya aina ya tatu, nyembamba, ambayo hulegezwa kwanza kinati cha juu ndipo ipokee upepo, lakini hao wana fedha zao, watajijua.

Nunua pampu ya kusimama yenye kichwa kinachokubali valvu zote mbili, ikae nyumbani nyuma ya mlango. Hiyo moja inatosha hata ukifikisha baiskeli tano. Njiani ni habari nyingine. Kila baiskeli iwe na kipampu chake kidogo na kifuko chake chini ya kiti: viraka, gundi, kipande cha msasa, na kwa Phoenix, vimpira viwili vya akiba. Najua utaniambia kifuko kimoja kinatosha, utakuwa unakihamisha kila asubuhi. Je, funguo za nyumba mara ngapi zimebaki kwenye suruali ya jana?

*Mjomba, baba watoto anasema kufuli moja linatosha baiskeli zetu mbili, kwa kuwa hawezi kupanda zote kwa wakati mmoja. Taa pia moja. Namwona mbahili, yeye anasema ni hesabu.*
*Mama Wawili, Tanga*

Mama Wawili, baba watoto amesema kweli kuhusu makalio yake. Kuhusu mwizi, amekosea. Mwizi hana haja na baiskeli aliyoikalia baba watoto. Anaitaka ile iliyobaki uani. Usiku zikiwa pamoja, ndiyo, mnyororo mmoja unazifunga zote kwenye nguzo. Lakini akiondoka asubuhi na kufuli lake, nyumbani ameacha zawadi. Makufuli mawili, na asinunue ya bei chee, yale ambayo ufunguo wa jirani unafungua kwako bila hata kubembelezwa.

Kwenye taa nitamtetea kidogo. Taa ya kuchaji inayofungwa kwa kamba ya mpira inahama bila matata, hata kama usukani wa moja ni mwembamba na wa nyingine mnene, maana mpira unavutika. Ya kubana kwa skrubu haina huruma hiyo, ila mara nyingi inatosha kununua kishikio cha pili, si taa ya pili. Dinamo isihamishwe kabisa. Dinamo hula kwa kusuguana na ubavu wa tairi, na ubavu wa Phoenix umeandaliwa mahali pa kusuguliwa. Ipeleke kwenye tairi la meno meno la baiskeli ya milimani, itateleza, na taa itakonyeza kama inamtania mwenye baiskeli.

*Mjomba, tairi la Phoenix ni 28. La baiskeli yangu ya mbio nimeambiwa nalo ni 28. Nikopeshe moja kwa nyingine?*
*Mbio za Sakafuni, Kahama*

Usithubutu. Soma namba ndogo ubavuni: la Phoenix litaandikwa 635, la mbio 622. Hizo ni milimita za kipenyo pale tairi linapokalia rimu. Tofauti ni milimita 13, na tairi la 635 likiwekwa kwenye rimu ya 622 litachezacheza, kisha litatoka lote siku utakayokuwa unateremka mlima.

*Mjomba, nataka kuhamisha pedeli nzuri kwenye baiskeli ninayoitumia siku hiyo. Spana ninayo.*
*Fundi wa Nyumbani, Iringa*

Spana ndiyo inayonitisha. Kitu kinachofuata mwili wako, hama nacho: helmeti, koti la mvua, glavu. Una kichwa kimoja, na hakuna duka litakalokuuzia cha pili. Kitu kinachodai spana, kiache kilipo. Mimi mwenyewe niliwahi kuhamisha pedeli kila Jumamosi, mpaka Jumamosi moja nilipokuwa na haraka. Pedeli ya kushoto hufungwa kinyume: inakazwa kwa kuzungushwa kinyume cha saa. Nilikuwa nalijua hilo. Mkono haukujua. Nilikaza nilipopaswa kulegeza, nikaongeza bomba refu kwenye spana ili nipate nguvu, meno ya mkono wa pedeli yakatoka kama unga. Gharama yake ingeninunulia pedeli mpya za kutosha na soda juu.

*Mume wangu ana baiskeli tatu na kengele sita. Ni kawaida?*
*Sijalala, Moshi*

Dada, tatu ni haki yake. Kengele haihamishwi, maana utaikumbuka mbuzi akiwa ameshaingia barabarani. Tatu zilizozidi afunge kwenye mlango wa banda la kuku, mpate usingizi.

Mwisho, tangazo la mwenye safu. Ndugu uliyeazima pampu yangu Jumamosi iliyopita ukasema "dakika tano": baiskeli yako ni ya gia, nimeiona. Pampu hiyo ni ya Phoenix. Haitaingia. Irudishe.